Mgeni kaja, Uhura kasukumwa uani

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi. Huku wazima, mguu wa mama umepoa, na habari za Kombo usiniulize. Najua nimekaa kimya mno. Leo imenibidi niandike kwa sababu kitabu chako kimegombanisha watu.

Kile cha Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya meli ya angani, kiitwacho Uhura's Song. Nilikimaliza, nikampa Halima, Halima akampa Time, na sasa wakikutana sokoni wanasalimiana kwa nyusi.

Time kakasirika, na mimi nusu niko upande wake. Mwanzo ni wa Uhura kweli, yule afisa wa mawasiliano melini. Maradhi yamewaangukia watu wa sayari ya Eeiauo, wale wenye sura ya paka, na Uhura anakumbuka nyimbo za kale alizofundishwa na rafiki yake Sunfall. Nyimbo zenyewe kwao ni mwiko, na ndani yake mmefichwa habari za sayari walikotoka wazee wao. Raha tupu! Halafu anaingia Daktari Evan Wilson kushika nafasi ya McCoy, daktari wa meli, aliyebaki na wagonjwa. Basi tena. Anatibu yeye, anapigana kwa fimbo yeye, mizaha yake, mpaka Spock, yule afisa asiyeonyesha hisia, kavutika. Tuliambiwa mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji kasukumwa uani.

Time anasema huyo ni Mary Sue mtupu. Unamjua? Yule luteni wa miaka 15 na nusu aliyebuniwa na Paula Smith mwaka 1973 kuwacheka mashabiki wanaotunga wahusika wasio na doa. Kalipata wapi Time jina hilo sijui, ila sasa kila mtu kwake ni Mary Sue, hata wifi yake.

Halima naye anamwona hana shukrani. Mwaka 1985 nani mwingine alimpa Uhura kitabu kizima? Kwenye televisheni kazi yake kubwa ilikuwa kupokea simu za wenzake. Akatuwekea kile kipindi cha 1967, mashine Nomad inapomfuta kumbukumbu zote: anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, anakwama, hasira zinampanda, Kiswahili kinamtoka. Tulicheka hadi machozi. Lakini kipindi kilichofuata hakuna hata aliyemuuliza hali.

Ngoja, la Bi Zuhura sijakwambia. Nilimsimulia kisa chote akipepeta mchele. Nikafika pale watu wa Sivao, ile sayari ya wazee wao, wanapokataa kuwaambia Nahodha Kirk na wenzake chochote, kwa kuwa hawajafanya ule Mwendo wa kuwatoa utotoni. Ungo ukasimama. "Ndiyo," akasema, "mwari haambiwi." Akaokota chuya moja, akaitupa. "Na huyo mwimbaji wenu, nyimbo za watu alipewa kwa idhini ya nani?"

Nikakosa jibu. Ungo ukaendelea.

Tangu hapo nashindwa kumchukia Wilson. Apigane atakavyo, nyimbo hakupewa yeye. Aliyekaa na Sunfall akasikiliza, akazishika, ni Uhura, na bila hizo meli ingeelekea wapi? Lakini bado, Rukia! Pale katikati nilikuwa nafunua kurasa nikimtafuta kama mtoto aliyepotea sokoni. Time ana haki yake. Usimwambie nimesema.

Nisaidie jambo moja. Janet Kagan, mtunzi wake, alifariki 2008, na riwaya ya Star Trek aliandika hiyo moja tu. Ila yake mwenyewe ipo, Hellspark, ya 1988. Ukipita kwenye vitabu vya mitumba huko nitazamie. Pesa nitampa dada yako.

Na wewe ulikuwa upande gani ulipokisoma? Zile alama za penseli pembeni ni zako au za mwenye nacho wa kwanza? Mbona zinakoma Wilson anapoingia, uliacha kusoma? Unakuja Desemba au ndiyo yale yale ya mwaka jana? Na nikurudishie, au nimpe Mwalimu Bakari, anayekiulizia kila tukionana?

Wako,
Mwanaisha