Tusiandike "kundi D" tukaishia hapo

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Tandika. Mbele yangu alikuwapo mama jirani, anamnunulia binti yake vidonge vya antibiotiki kwa homa ya wiki mbili. Malaria alishapimwa, hana. Binti huyo namfahamu tangu mdogo: mafindofindo ya utotoni yalimletea homa ya rumatiki, nayo ikamharibia valvu ya moyo. Nikamwambia mama yake, "Mwanangu, hivyo vidonge viache kwanza. Mpeleke hospitali leo hii, wamtoe damu ya kuotesha bakteria maabara, ndipo aanze dawa." Alinisikiliza kwa kuwa anajua nimefanya kazi maabara miaka 29.

Nilihofia maambukizi ya valvu ya moyo. Bakteria wakinasa kwenye valvu yenye kovu, hujificha ndani ya kifuko cha damu iliyoganda. Dawa ya siku tano haiwamalizi, inawanyamazisha tu. Homa inashuka, chupa za maabara hazioti kitu, na daktari anabaki kubahatisha katika ugonjwa unaodai dawa ya mshipa kwa wiki 4 hadi 6.

Lakini chupa kuota ni nusu ya kazi, na hapa nina deni langu.

Mwaka 2009 ililetwa damu ya fundi cherehani wa Keko. Chupa ziliota. Kwenye hadubini niliona vidoa vya zambarau katika minyororo mifupi, na kipimo cha nyongo na eskulini, cha kulitambua kundi D, kikageuka cheusi. Nikaandika "streptokoka kundi D", jina la kundi zima la bakteria na si la mmoja, nikatia sahihi, nikaenda kupanda daladala. Daktari, kwa kuamini karatasi yangu, akampa antibiotiki ya seftriaksoni. Siku ya sita homa ilikuwa bado juu, akashuka mwenyewe maabara kuniuliza. Ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo: niliwapanda bakteria wale kwenye supu ya maabara yenye chumvi asilimia 6.5. Kesho yake supu ilikuwa imechafuka. Enterokoka! Ndugu zake wa kundi D, tuliozoea kuwaita bovis, hawaoti kwenye chumvi hiyo. Nao hufa kwa seftriaksoni, wakati enterokoka haidhuriki kwa dawa hiyo ikiwa peke yake. Fundi akabadilishiwa, akaanza ampisilini na jentamaisini. Homa iliisha, ila valvu ilikuwa imeshatoboka, na ngazi za kwenda chumba chake cha kushonea hakuweza tena kuzipanda. Siku zile sita nazibeba mimi.

Na kama bakteria wa fundi angekuwa yule bovis, jina lingekuwa na kazi ya pili. Tangu 2003 bovis anayeshambulia sana valvu anaitwa Streptococcus gallolyticus, na wagonjwa wake wengi hukutwa na uvimbe kwenye utumbo mpana, pengine saratani ambayo haijaonyesha dalili yoyote. Daktari akilipata jina hilo anajua mgonjwa aangaliwe utumbo kwa kamera. "Kundi D" haimwambii hivyo.

Kuna pia stafilokoka, bakteria wa vishada, wasiogandisha plazma (majimaji ya damu). Tumezoea kuandika "uchafu wa ngozi", na mara nyingi ni kweli. Ila kati yao yumo Staphylococcus lugdunensis, aliyetambuliwa mwaka 1988 na kupewa jina la Kilatini la mji wa Lyon, Ufaransa. Huyo hula valvu kwa ukali kama wa Staphylococcus aureus, stafilokoka mkali anayejulikana zaidi. Akiota katika chupa zaidi ya moja za mtu mwenye homa na moyo mbovu, asitupwe. Kipimo cha kuona kama anavunja kemikali ya ornithini kinasaidia sana kumtenga na wenzake.

Siku hizi zipo mashine zinazomtambua bakteria kwa uzito wa protini zake, kwa dakika chache. Nafurahi kuziona, na natamani ziongezeke. Lakini mrija wa supu yenye chumvi hauhitaji kusubiri mashine. Vijana wa maabara, chumvi mnayo.

Kwa madaktari nina ombi: mtu mzima achukuliwe seti tatu za damu (seti moja ni chupa mbili), kila seti kutoka mchomo wake, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kabla ya dozi ya kwanza. Nimepokea chupa nyingi mno zenye mililita 2, tena za mtu aliyeanza sindano juzi. Na wanaohusika na ununuzi wasiache chupa hizo ziishe hospitalini. Bila chupa, mtaalamu wa maabara hata awe hodari vipi hana cha kuotesha.

Binti wa jirani alitolewa damu usiku ule ule, seti tatu. Jana mama yake amekuja kuniambia chupa nne zimeota. Nimemwomba arudi kwa daktari aulize jambo moja: huyo bakteria anaitwa nani, jina lake kamili?

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Tandika, Dar es Salaam