Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Elmu Kubwa za Kimarekani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati iliweka mbele elmu za Kimarekani zilizokomaa, miti mikubwa ya kivuli, kabla ya upandaji mpya. Wako walioliona jambo hili geni, hivyo nalieleza.

Elmu haina shina moja linalokwenda hadi kileleni. Mita tatu hadi sita kutoka ardhini shina hugawanyika kwa panda, matawi makuu yakapanda karibu wima, kisha yakapinda nje polepole hadi ncha zake zinaning'inia. Ni kama shada la maua lililokamatwa kwa mkono mmoja. Mti mkubwa hufika mita 30. Tuliokulia chini ya miembe tumezoea kuufurahia mti tukiwa kivulini mwake, ila elmu inataka urudi nyuma: simama mbali kupita urefu wake, tena majira ya baridi majani yakiwa yamepukutika. Hapo panda zote huonekana. Zikipandwa safu mbili, matawi hukutana juu ya njia kama kuba la msikiti. Asiyewahi kuliona aende kwenye Mall, njia pana ya watembea kwa miguu katika bustani ya Central Park, New York, ambako kuba hilo bado lipo.

Kuitambua, tazama kitako cha jani: upande mmoja hushuka kuliko mwingine. Ukikata kipande cha gome la nje utaona matabaka meupe na ya kahawia yakipishana.

Panda zinazoipamba ndizo pia zinazoipasua. Matawi mawili yakikua yamebanana, gome humezwa katikati yao, mbao hazishikani, na siku ya dhoruba tawi zima huanguka. Dawa yake ni kupogoa mti ukiwa mchanga, kila baada ya miaka miwili au mitatu, ukipunguza matawi yanayoshindana na kuacha yenye pembe pana. Kwa mti mzee, fundi hufunga waya wa chuma juu kati ya matawi. Kukata kilele hakusaidii. Ni kuuharibia umbo bure.

Safu zile nzuri zina hatari nyingine. Ugonjwa wa elmu wa Kiholanzi ulionekana Marekani mwaka 1930, jimboni Ohio, umeingia na magogo kutoka Ulaya. Ni kuvu inayobebwa na mbawakawa wa gome, nayo huziba mirija ya maji. Elmu zilizokaribiana huunganisha mizizi, basi kuvu hupita chini kwa chini kutoka mti hadi mti, na ndivyo mitaa mizima ilivyobaki mitupu.

Dalili ya kwanza ni tawi moja kunyauka na kuwa njano katikati ya majani mabichi, kwa kawaida kuanzia Juni. Menya gome la tawi hilo: michirizi ya kahawia kwenye mbao inatia shaka, na maabara ndiyo huthibitisha. Tawi likiwa peke yake, likatwe angalau mita tatu kupita mahali michirizi inapoishia. Ugonjwa ukishafika kwenye shina, mti hauokoki.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kukata mti mgonjwa kabla ya kutenganisha mizizi. Mti wa jirani, ukiwa bado unavuta maji, huvuta pia kuvu kutoka kwenye mizizi iliyobaki. Mtaro wa zaidi ya mita moja kwenda chini uchimbwe kwanza, kisha mti uangushwe. Magogo yamenywe gome, yachomwe au yasagwe mara moja. Kuni zenye gome ni kiota cha mbawakawa. Elmu zisizo na ugonjwa zisipogolewe majira ya joto, kwa kuwa harufu ya jeraha bichi huwaita wadudu.

Dawa ya kuua kuvu kama thiabendazoli huingizwa kwenye shingo ya mizizi, pale shina linapokutana na mizizi, na hukinga hadi misimu mitatu, lakini matundu yake ni majeraha. Kamati inashauri itumike kwa miti michache yenye thamani kubwa.

Kwa upandaji, aina za elmu ziitwazo Princeton na Valley Forge zinastahimili ugonjwa, ila hazina kinga kamili. Valley Forge hutawanyika ovyo ikiachwa bila kupogolewa. Tuzichanganye na miti ya jamii nyingine.

Wakaguzi wa Juni wabebe darubini, kisu, spiriti ya kukisafisha kila baada ya mti mmoja, na rangi ya kuweka alama.