Masisi haikukosa mvua

Ndugu Mhariri,

Kila njaa ya mashariki mwa Kongo inapotajwa, tunaonyeshwa magunia ya unga yakishushwa kwenye lori. Sawa, mwenye njaa ale kwanza. Lakini Masisi, wilaya ya Kivu Kaskazini iliyo jirani na mji wa Goma, si jangwa. Ni ile ile Masisi ya maharage, viazi na jibini, ambako watu hupanda misimu miwili kwa mwaka.

Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Itazameni vizuri tarehe hiyo: Februari na Machi ni miezi ya kupanda. Wakulima wengi walikuwa tayari wanalala chini ya maturubai, jembe limeachwa nyumbani, mbegu imeliwa. Aliyekula mbegu Machi hana cha kuvuna Juni, hata bunduki zikinyamaza Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma nao ukafungwa, na siku hizo hizo Marekani ikasitisha misaada yake ya nje. Kufika Julai, USAID, shirika la misaada la Marekani, haipo.

Wafadhili waliobaki wasihesabu tani za unga tu. Waulize kama mbegu zilifika kabla ya mvua au baada yake. Waulize pia mama anayepeleka debe la maharage sokoni anatozwa kwenye vizuizi vingapi vya wenye silaha, maana hela hiyo ndiyo inayomlisha mpiganaji.

Kambi ya Nyarugusu, hapa mkoani kwetu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Bado ipo.

Msomaji wako,
Kasulu, Kigoma