YAH: Begi la ngoma lililokatika mkanda na kuvunja ngoma yangu

Mji Mkongwe, Zanzibar
16 Septemba 2024

Ndugu Meneja,

Mwezi Juni nilinunua dukani kwenu begi la ngoma ya mkono kwa shilingi 95,000. Risiti nimeambatisha. Nilimweleza muuzaji wenu kwamba napiga kidumbak, muziki wa ngoma wa hapa Zanzibar, kwamba ngoma zangu ni za udongo na nasafiri nazo kwa daladala na boti. Akanihakikishia kuwa begi hili ni la safari.

Jumamosi tarehe 7 Septemba nilikuwa nashuka boti Dar es Salaam, naenda kupiga harusini. Nikiwa katikati ya ngazi, mkanda wa begani ukachomoka na begi likapiga kitako chini. Nilijua kabla sijafungua zipu. Ufa umeanzia kiunoni mwa ngoma, pale inapobana, ukapanda mpaka chini ya ngozi. Ngoma ile nilikuwa nayo kwa miaka 11, na ngozi yake ya mbuzi niliiwamba mwenyewe. Kidumbak hupigwa ngoma mbili, sauti moja juu na moja chini. Usiku ule niliazima ya pili na hazikupatana hata kidogo, kila nilivyozikausha motoni. Ile ngoma yangu nyingine mwenzangu aliibeba kikapuni, imefungwa kanga mbili, ikafika salama. Hilo limeniuma sana.

Nimelifumua begi lenu. Mkanda umeshonewa kitambaa cha nje peke yake, mshono mmoja wa upana wa vidole viwili, bila kiraka kwa ndani. Mkanda wa kubebea mzigo hupitishwa chini ya kitako ukazunguka begi zima, na unapokutana na kitambaa hushonwa mraba wenye msalaba katikati. Fundi yeyote wa mabegi hapa Darajani analijua hilo. Sponji nene mmeiweka ubavuni, lakini chini, ambako ngoma hutua kila inapowekwa, nimekuta kipande cha boksi. Zipu nayo ni ya chuma. Kwa hewa yetu ya chumvi imeshaota kutu ndani ya miezi mitatu.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alisema nimelizidishia uzito. Ngoma yenyewe haifiki kilo 4, na begi limeandikwa kilo 10.

Naomba nirudishiwe shilingi 95,000, pamoja na 70,000 za kumlipa mfinyanzi na kununua ngozi mpya. Naomba pia mabegi yaliyobaki yaondolewe dukani hadi yashonwe upya, kwa sababu wapo vijana wanaoanza kupiga, na wengi wana ngoma hiyo moja tu.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko haya kwenye tume inayowalinda watumiaji hapa Zanzibar. Begi na vigae vyote ninavyo nyumbani. Mtumeni fundi wenu aje avione.

Wenu,
Mteja, mpiga kidumbak