Kabla ya kusomea ukandaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 17, kazi ya kukanda watu. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba mwezi huu pekee nimejiwa na vijana watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka ushauri kama wasomee ukandaji au waachane nao. Wote watatu, pamoja na wazazi waliofuatana na wawili kati yao, waliuliza maswali yaleyale mawili: je, ni kazi yenye heshima, na je, inalipa? Hayo ni maswali ya haki na nitayajibu. Lakini hakuna aliyeniuliza lile ambalo mimi naliona ndilo la kwanza, yaani mkandaji anatakiwa kujua nini kabla hajaruhusiwa kuweka mkono wake juu ya mwili wa mtu.

Niseme kwanza kuhusu heshima, kwa kuwa ndiyo inayowanyima wazazi usingizi. Simlaumu mzazi anayesita, maana wapo waliolitumia neno masaji kuficha biashara nyingine kabisa, na wanaoumia kwa hilo ni sisi tunaofanya kazi safi. Jambo hili si geni. Mwaka 1894, mjini London, madaktari walipaza sauti juu ya nyumba zilizojitangaza kuwa za ukandaji huku zikifanya mengine, na wauguzi wanne wanawake, waliokuwa wakiwakanda wagonjwa kwa nia njema, waliona kazi yao inazama pamoja na nyumba hizo. Hawakukaa wakalalamika. Walianzisha chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mitihani, na wakajifunga kwa masharti magumu: mwanachama asimkande mtu bila maelekezo ya daktari, asimkande mwanamume isipokuwa kwa agizo maalumu la daktari, asijitangaze ila katika magazeti ya kitabibu, na asiwauzie wagonjwa dawa. Mengine katika masharti hayo leo yatamshangaza kijana, lakini yalifanya kazi yake. Chama kile kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, nacho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza. Kwa hiyo mzazi akiniuliza kama kazi hii ina heshima, humjibu kwamba ina heshima pale wanaoifanya walipokubali kujifunga kwa kanuni, na kwamba aanze kwa kuzitazama kanuni za mahali ambapo mwanawe anataka kusoma au kuajiriwa.

Sasa nije kwenye swali ambalo halikuulizwa, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu nalizungumza kwa kosa langu mwenyewe.

Mimi nilianza kukanda bila kusoma. Mwenye sehemu iliyoniajiri alinielekeza kwa siku nne, akanikabidhi taulo na chupa ya mafuta, kisha akaniambia mteja wangu wa kwanza anasubiri. Nilikuwa na mikono yenye nguvu na wateja walinisifu, nami nikaamini kwamba sifa zile ndizo ujuzi. Katika mwezi wangu wa tano hivi kazini alikuja mama wa makamo aliyekuwa ametoka katika safari ndefu ya ndege, akasema shavu la mguu wake wa kushoto linamuuma na anadhani msuli umekaza. Alipolala nikaona mguu ule umevimba kuliko mwenziwe, ngozi imewamba na kung'aa kidogo, na nilipoweka kiganja nilisikia joto ambalo mguu wa kulia haukuwa nalo. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu na kuyagusa kwa mkono wangu, ila hayakunieleza kitu, kwa kuwa sikufundishwa maana yake. Nilichokijua ni kwamba msuli ukikaza unakandwa. Nikamimina mafuta kiganjani.

Mwenzangu mmoja aliyekuwa amepita chuoni aliingia kuleta shuka safi. Aliitazama ile miguu miwili mara moja tu, akanishika kifundo cha mkono kabla sijagusa, na kwa sauti ya chini akamwambia yule mama avae, asiusugue mguu, na aende hospitali wakati uleule. Huko walimkuta na damu iliyoganda katika mshipa wa ndani wa mguu. Bonge la damu la namna hiyo likisukumwa laweza kung'oka, likachukuliwa na damu hadi kwenye mapafu, na mtu akafa papo hapo. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni muda mrefu, mafuta yakinichuruzika mkononi, nikihesabu ni watu wangapi niliowakanda kwa miezi ile mitano bila hata kuwauliza wanaumwa nini na wanatumia dawa gani. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimekwenda kuulizia nafasi chuoni.

Ndiyo maana nasema kwamba sehemu kubwa ya elimu ya mkandaji ni kujua wakati wa kuuzuia mkono wake. Mwenye homa hakandwi. Ngozi yenye maambukizi, jeraha bichi na mfupa uliovunjika haviguswi. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande huvilia damu chini ya ngozi kwa shinikizo ambalo mwingine asingelisikia, na mzee ambaye mifupa yake imekonda haelemewi kwa kiwiko kama kijana mwanamichezo. Mjamzito na mgonjwa wa saratani anayeendelea na matibabu wanaweza kukandwa, tena kwa faida, ila na mtu aliyesomea hali zao na kwa kuwasiliana na daktari wao. Mambo haya hayapatikani kwa kipaji. Yanapatikana kwa kukaa darasani na kujifunza misuli imeshikana na mfupa gani, mshipa wa damu unapita wapi, neva inajitokeza wapi karibu na ngozi hata shinikizo dogo likaweza kuiumiza, kama ilivyo kwenye kwapa, nyuma ya goti na mbele ya shingo.

Nchi na majimbo yaliyolielewa jambo hili yameliwekea sheria. Jimbo la New York nchini Marekani linadai saa 1,000 za masomo kabla ya leseni, na majimbo mengine mengi ya nchi hiyo yanaanzia saa 500. Ujerumani inadai miaka miwili ya shule na miezi sita ya kazi chini ya usimamizi. Katika jimbo la Ontario, Canada, jina lenyewe la kazi linalindwa na sheria, na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo. Kijana anayeahidiwa cheti cha ukandaji baada ya masomo ya mwisho wa juma mmoja tu na azilinganishe saa hizo na zile anazouziwa.

Jambo la pili ambalo vijana hawaniulizi ni kuhusu mwili wao wenyewe. Hufikiri kazi hii ni ya kukaa mahali patulivu penye harufu nzuri. Kwa anayelala kitandani ni hivyo. Anayesimama anafanya kazi ya sulubu, na mwili unaochakaa kwanza ni wake. Katika mwaka wangu wa sita kidole gumba cha kulia kiligoma kufungua kifuniko cha chupa ya maji, na usiku niliamka kwa maumivu pale chini kabisa ya kidole, kwenye kiungo kinachokutana na kifundo cha mkono. Nilikuwa nimekitumia kidole kile kama nyundo, wateja sita hadi saba kwa siku, kwa kuwa kila mmoja alitaka nikandamize zaidi. Mwalimu niliyemrudia hakuniandikia dawa yoyote. Alinisimamisha kando ya kitanda cha kukandia, akaniambia niiachie mikono ining'inie na kukunja ngumi, kisha akashusha kitanda mpaka ngumi zikaligusa godoro kwa shida. Kile kitanda kilikuwa juu mno kwangu miaka yote ile, nami nilikuwa nasukuma kwa mabega na vidole badala ya kuegemea kwa uzito wa mwili kutoka miguuni. Tangu siku hiyo shinikizo kubwa nalitoa kwa kigasha na kiwiko, kidole gumba nakihifadhia sehemu ndogo zinazohitaji kutafutwa, na wateja wangu hawazidi watano kwa siku. Kidole kilipona, ingawa hakikurudi kuwa kama cha kushoto.

Hapo ndipo jibu la swali la pesa linapopatikana. Wakandaji wengi hulipwa kwa kila mteja, na mikono miwili ina saa zake. Anayepiga hesabu ya mapato kwa kuzidisha malipo ya saa moja kwa saa nane za siku anajidanganya, kwa sababu saa hizo nane mwili hautazibeba kwa miaka, tena kati ya mteja na mteja kuna shuka za kubadilisha, kitanda cha kusafisha, mikono ya kuosha na maelezo ya kuandika. Mtu anaweza kuishi kwa kazi hii, mimi nimeishi. Utajiri wa haraka sijauona kwangu wala kwa wenzangu.

Napenda pia nizungumzie ukweli wa maneno yetu, maana hapa tunajiangusha wenyewe. Nimeyasikia matangazo yanayodai kwamba kukandwa hutoa sumu mwilini na kwamba mteja anywe maji mengi ili sumu hizo zitoke. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, wala hakuna mkono unaozifanyia kazi hiyo. Wengine husema tunaondoa asidi inayobaki kwenye misuli baada ya mazoezi, na hali asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja au zaidi kidogo, hata kama mtu hakuguswa. Tunayo mazuri ya kweli ya kuyasema na hatuna haja ya kuongeza. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu maumivu ya kiuno, kiliuweka ukandaji miongoni mwa mambo ya kujaribu kwanza, kabla ya vidonge, kwa maumivu ambayo bado hayajawa ya muda mrefu. Wachambuzi wa tafiti nao wanasema nafuu hiyo ipo ila ni ya muda, na ushahidi wake bado si mzito. Mimi humweleza mteja hivyohivyo, kwamba nitampunguzia maumivu na atalala vizuri, na kwamba yakirudi na kuzidi amwone daktari. Sijawahi kumpoteza mteja kwa kumwambia hivyo.

Kuna kundi moja ambalo nasikitika kuona halitajwi ushauri wa kazi unapotolewa, nalo ni wasioona. Huko Japani ukandaji umekuwa kazi ya wasioona kwa karne nyingi, na mpaka leo shule za wasioona za nchi hiyo zinaufundisha kama taaluma kamili yenye mtihani wa taifa. Katika darasa langu tulikuwa na mmoja asiyeona, na mwalimu alipotuambia tutafute kwa vidole pale msuli ulipojikunja, yeye ndiye aliyefika kwanza kila mara, wakati sisi wengine tukiwa bado tunakodoa macho. Mzazi mwenye mtoto asiyeona na aliyelisoma gazeti hili hadi hapa, na alipe jambo hilo uzito.

Kwa wale vijana watatu, na wengine wanaofikiri kama wao, nimewashauri hivi. Kabla ya kulipa ada, nendeni chuoni siku ya mafunzo ya vitendo, muombe kuingia. Tazameni kama mwanafunzi anamuuliza anayelala kitandani afya yake kabla ya kumgusa, kama anamfunika shuka na kufunua sehemu ile tu anayoifanyia kazi, na kama anauliza shinikizo linatosha au linaumiza. Muulizeni mwalimu ni masomo mangapi yanahusu watu wasiopaswa kukandwa. Akisita, tafuteni chuo kingine. Kisha ombeni nafasi ya kukanda watu wawili mfululizo chini ya uangalizi wake, msikilize mikono na kiuno vinasema nini asubuhi ya pili yake. Mmoja wao ameshafanya hivyo. Aliniletea habari Jumanne kwamba mgongo ulimuuma siku mbili, kwamba mwalimu alikuwa na somo zima la wiki tatu juu ya watu wasiopaswa kukandwa, na kwamba ameandikishwa.

Wako,
Mkandaji
(Jina nimemkabidhi mhariri)