Wanafunzi wa udaktari waisome homa ya ini vizuri

Bwana Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni mtu wa maabara hapa Mombasa, miaka mingi sasa, na kila mwaka tunaletewa wanafunzi wa udaktari waje kujifunza. Ni vijana wazuri na wana adabu, lakini kuna jambo limenikaa rohoni.

Homa ya ini wameikariri vizuri sana. Aina zake za virusi ni tano: A na E zinaingia kwa maji na chakula kichafu, B, C na D zinapitia damu, B inaenda pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na D haiwezi chochote bila B. Ukiwauliza hivyo wanajibu mbio mbio. Taabu inaanza ukimpa majibu ya mgonjwa mkononi ukamwambia haya, nisomee.

Mwezi uliopita alikuja kuli mmoja wa bandarini, macho yalikuwa manjano wiki kadhaa na sasa yameanza kusafika, HBsAg yake, yaani antijeni ya ganda la kirusi cha B, alama kwamba kirusi kimo mwilini, ikatoka negativu. Mwanafunzi akamwambia mzee si B hiyo, nenda zako. Nikasema ngoja kwanza mwanangu. Kwenye B kuna kipindi ile antijeni ya ganda imeshaondoka na kingamwili yake bado haijaonekana, ukipima hizo mbili tu utadhani damu haina kitu, na kinachobaki kukwambia ukweli ni kingamwili ya kiini cha kirusi, ile aina ya IgM inayotokea maambukizi yakiwa mapya. Tukapima, ikatoka positivu. Huyu mtu ana mke na watoto Likoni, angeenda zake vile nani angekumbuka kuwapima na kuwachanja?

Na hapo ndipo umri unapokuwa na maana. Mtu mzima akiambukizwa B, kwa watu 100 hawafiki 5 wanaobaki nayo, wengine mwili unaifukuza wenyewe. Mtoto akiipata wakati wa kuzaliwa, 90 katika 100 wanakaa nayo, miaka inapita hahisi chochote mpaka ini limekuwa makovu matupu au saratani imeshaanza. Ndiyo maana WHO wanataka dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu ukingojea ile chanjo ya wiki ya 6 mtoto wa mama mwenye B anaweza kuwa ameshaingiliwa.

Halafu C. Sisi watu wa Pwani tunajua vijana wetu wanavyojidunga unga na kupeana sindano, kwa hivyo C ni yetu hata kama hatupendi kuitaja. Nimesikia mwanafunzi akimwambia kijana ana C ya maisha kwa sababu kingamwili imetoka positivu tu! Ile inasema aliwahi kukutana na kirusi, kuna wanaojiponea wenyewe, lazima utafute RNA, chembe ya urithi ya kirusi chenyewe, ndiyo ujue kama bado kimo. Na akiwa nacho kuna vidonge, wiki 8 mpaka 12, vinaponya zaidi ya 95 katika 100. Chanjo ya C ndiyo haijapatikana.

Tena jamani, mgonjwa wa ini akija na macho ya manjano, msimwambie mama wa watu ati ana homa ya manjano. Hiyo ni ya mbu, ugonjwa mwingine kabisa, mama atarudi nyumbani atafute neti.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hao wanafunzi wenyewe. Niliuliza waliokuwa kwangu nani amepima kingamwili yake ya B, wakatazamana. Na hao ndio wanaotoa damu wodini! Kirusi cha B kinakaa hai kwenye damu iliyokauka hata siku 7, na sindano ya mgonjwa mwenye virusi vingi ikikudunga nawe hujachanjwa, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika 30 katika 100, ya HIV haifiki 1. Wakuu wa vyuo, tafadhali wachanjeni kabla hawajashika sindano, dozi tatu, leo, baada ya mwezi na baada ya miezi 6, kisha mwezi mmoja au miwili baadaye wapimwe kama kingamwili yao imefika 10 (mIU/ml), kiwango cha kinga. Yule mwanafunzi aliyemwambia kuli aende zake nimempeleka mwenyewe kuchanjwa, dozi ya pili ni wiki ijayo.

Mtu wa maabara,
Mombasa