Kabla hujajaza gesi, pima maji ya chumvi

Kuanzia Septemba, joto linapoanza, mashine za lambalamba hupanda mlima kuja kwetu Mwanjelwa, Mbeya. Nyingi zinatoka Kyela na Chimala, kule ambako jua linakufanyia biashara. Zinakuja zimefungwa kamba nyuma ya Noah, na wenye nazo wana wimbo mmoja: "Fundi, haigandishi. Gesi itakuwa imeisha."

Mara nyingi gesi ipo. Mama mmoja wa Kyela alikuwa ameshajaziwa gesi mara tatu hukohuko kabla hajatufikia. Tulipoinua mfuniko tukakuta koili (bomba la kupozea) imevaa barafu nene kama kidole gumba, na maji yanayoizunguka yana chumvi ya mchuzi tu. Kompresa hatukuigusa. Tuliyeyusha ile barafu, tukamwaga maji yote, tukachanganya mapya. Jioni ileile juisi ya ubuyu iliganda kwenye kalibu kwa kama nusu saa.

Tangi la mashine hii linajazwa maji ya chumvi kwa sababu maji hugusa kalibu pande zote, tofauti na hewa ya friji. Yanachukua joto la juisi na kulipeleka kwenye koili. (Sisi mafundi tunasema "yanabeba baridi", ila kinachosafiri ni joto.) Ili kazi hiyo ifanyike, maji lazima yabaki maji hata yakiwa nyuzi 12 au 15 chini ya sifuri, na hapo ndipo chumvi inapoingia. Mwaka 1788 Mwingereza Charles Blagden alionyesha kwamba chumvi ikizidi, kiwango cha kuganda nacho kinashuka kwa uwiano. Mchanganyiko wenye chumvi asilimia 10 kwa uzito huanza kuganda kwenye nyuzi kama 6.5 chini ya sifuri. Wa asilimia 20 unavumilia hadi kama 16.5.

Lakini kuna kikomo. Ukifika asilimia 23.3 unapata nyuzi 21.1 chini ya sifuri, na chumvi ya kawaida haina uwezo wa kwenda chini zaidi. Ukipitisha hapo, maji yakipoa chumvi ya ziada inajitenga, inatulia chini kama changarawe na kuziba pampu ya kuzungushia. Kwa hiyo anayetuambia "nimeongeza mpaka imekataa kuyeyuka" amehama shimo moja na kuingia jingine.

Maji yakiwa mepesi, yaani chumvi haitoshi, ndiyo yale ya mama wa Kyela. Kwenye koili kinachoganda ni maji, chumvi inabaki nyuma. Barafu ile ni blanketi: koili ina baridi kali, kalibu hazipati kitu, kompresa inanguruma usiku kucha na yuniti za LUKU zinakwenda. Fundi anayetazama koili peke yake lazima atawaza gesi.

Sasa, maji yanakuwaje mepesi wakati chumvi haivukizi? Angalia ndoo ya maji ya uvuguvugu unayochovyea kalibu ili lambalamba zichomoke. Kalibu zinatoka pale zikidondosha, zinajazwa juisi, zinarudi tangini zikiwa na maji ubavuni. Matone tu, ndiyo, lakini yahesabu kwa trei ishirini kwa siku, miezi mitatu. Na kina cha tangi kikipungua, kijana anaongeza maji ya bomba.

Kipimo chetu ni ndoo ya lita 20 za maji kwa kilo tano na nusu za chumvi. Pima kwa mizani, si kwa kopo. Hiyo inakupa asilimia 21 na kitu, salama pande zote mbili. Wengine wanasoma "asilimia 23" wakaweka kilo 23 kwa lita 100. Hiyo ni asilimia 18.7, kwa sababu uzito wa chumvi nao unaingia kwenye jumla. Usihangaike kuchemsha maji. Yanaharakisha kuyeyuka, lakini lita moja ya baridi inapokea gramu kama 360 na ya moto kabisa kama 390, tofauti isiyolipa mkaa. Korogea nje ya tangi, acha tope litulie, chuja kwa kitambaa. Wazee wa Ivuna, kule bonde la Ziwa Rukwa, walichuja maji yao ya chumvi kabla ya kuyachemsha, na hawakuwa na pampu ya kuziba.

Kukagua, nunua haidromita ya betri, kile kifaa cha kupimia uzito wa maji ya betri. Iwe mpya, maana iliyokwisha kunyonya asidi haifai karibu na chakula. Chota maji ya tangi, yaache yapande hadi joto la kawaida, kisha soma: kati ya 1.15 na 1.17 uko sawa. Chini ya 1.12, usimwite fundi wa gesi.

Na jambo moja tunalogombana nalo: kulanti ya gari, yale maji ya rangi ya kwenye rejeta. Kuna wanaoimwaga tangini kwa sababu haili chuma. Ni kweli maji ya chumvi yanakula, hasa pale juu yanapokutana na hewa, na koili ya shaba ikigusana na bati ndiyo balaa. Lakini kalibu ikitoboka, chumvi mtoto ataionja na kutema. Kulanti nyingi zina sumu yenye ladha tamu. Mashine yenye kulanti hatuifanyii kazi mpaka tangi lisafishwe lote.

Kupima ni bure. Huna haja ya kupakia mashine kutoka Kyela, mpe kondakta chupa ya nusu lita ya maji ya tangi tu. Andika juu yake CHUMVI kwa herufi kubwa, maana msimu uliopita kijana wetu alirudi kutoka kula ugali, akaikuta mezani.